Aonje Mama Yako Kwanza

Pale Igogo hakuna aliyeuliza sindano ile inazuia nini. Watu waliuliza kwa nini ni ya wazee tu.

Nesi aliyeleta habari hiyo aliitwa Gladness, binti wa Kisukuma kutoka Misungwi, mfanyakazi wa zahanati ya parokia. Alikuja Jumamosi asubuhi, jumuiya yetu ilipokuwa imemaliza sala uani kwa bibi yangu, Kokuberwa. Akasimama mbele ya mabenchi, akawaamkia wazee, akaeleza bila haraka. Miezi ya upepo na vumbi inakaribia. Mafua makali yakipita, kijana hulala siku chache akaamka, lakini mzee yanamshuka kifuani yakawa nimonia. Chanjo hii inapunguza hatari ya kulazwa na hatari ya kufa, ingawa haizuii kila mafua. Mkono utauma, na huenda homa kidogo ikaja ikaondoka. Parokia imepata dozi za watu wa miaka sitini na kuendelea, nao watachomwa bure.

Hapo ndipo alipoharibu. Angetaja bei, wazee wangelalamika, halafu wangekwenda. Aliposema bure, macho yote yalikaza kama ya watu wanaopimiwa mchele na muuzaji wasiyemjua.

Mzee Longino, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alisimama kwa fimbo yake. Alisema alipokwenda dirishani kuomba vidonge vya presha aliambiwa vimekwisha, akanunue duka la dawa. Presha anayo, vidonge hakuna. Leo, kwa ugonjwa ambao hana, dawa ipo na imemfuata mpaka kwenye benchi.

"Binti," akamalizia, "mimi nimezeeka miguu. Hapa sijazeeka." Akagusa paji la uso.

Watu wakacheka. Mama mmoja wa benchi la nyuma akasema amesikia kuna mahali wazee walichomwa, wakalala, hawakuamka. Mahali gani, hakujua. Nani alimwambia, hakukumbuka. Hata hivyo kicheko kilikatika.

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, mikono ina masizi ya kazini. Jina langu Josephat. Ninachomelea milango na madirisha ya chuma kando ya barabara, na ninaishi na bibi tangu mama yangu alipofariki. Sauti ya nesi yule sikuipenda. Ilikuwa laini mno. Mtu anayekuuzia bomba la chuma lililooza ndani huwa na sauti hiyo hiyo, anapitisha kiganja juu ya rangi mpya huku akikuita kaka.

Na nilikuwa na sababu ya kusikiliza kuliko wote waliokaa pale. Mwaka uliopita, katika upepo wa Julai, bibi alishikwa na mafua kama mtu yeyote, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimembeba mgongoni nikishuka naye kwenye mawe mpaka barabarani. Alilazwa na mpira wa oksijeni puani. Aliporuhusiwa, daktari alinivuta pembeni ya kitanda akaniambia kwamba mapafu yake hayatastahimili pigo la pili kama lile. Bibi alikuwa amefumba macho. Sikumwambia mtu yeyote maneno hayo, wala yeye mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili kifuani, ya upepo unaokuja na ya sindano iliyokuja, na ile ya sindano ndiyo iliyokuwa imesimama mbele yangu na ina uso.

Bibi alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kakikapu ka kahawa za kutafuna. Kwetu upande wa Bukoba mgeni hatoki mikono mitupu, hata mgeni unayemshuku. Lakini pia kwetu mwenye kitu huonja kwanza. Ukimpa mtu rubisi, pombe yetu ya ndizi, unavuta wewe mrija mbele ya macho yake ndipo unampa. Si dharau wala si adabu tu. Ni kumwambia, kama kuna kifo humu ndani tutakufa wote. Bibi akachukua punje moja ya kahawa, akaitafuna akimtazama nesi, kisha akamsogezea kikapu.

Gladness akapokea kwa mikono miwili, akala, akashukuru. Nikaona nafasi yangu.

"Bibi ameonja yake," nikasema kutoka mlangoni. "Na wewe onja yako."

Gladness akageuka. Akasema ameshachomwa, wauguzi wote wa zahanati walichomwa kabla ya kuanza kutangaza.

"Ulichomwa wapi?" bibi akauliza.

"Zahanati, bibi."

"Nilikuwepo?"

"Hapana, bibi."

"Mtu haonji akiwa kwake halafu akabeba kibuyu mpaka kwa jirani."

Mabenchi yakavuma. Longino akapiga fimbo chini kukubali. Nikaona bado haijatosha, nikasogea mpaka katikati ya uwanja. Nikamwambia yeye ni kijana, na kama sindano ina ubaya kwa wazee, kwake haitaonyesha kitu. Nikamuuliza kama ana mama. Akasema anaye, yuko Misungwi. Nikamuuliza kama amefika sitini. Akasema ameipita.

"Amechomwa?"

Alishika mkanda wa begi lake, akautazama, akauachia.

"Alikataa," akasema.

Hakuna aliyecheka, na ukimya ule ulimuumiza kuliko kicheko. Nesi ameshindwa kumpa mama aliyemzaa, anakuja kutupa sisi. Nikasema neno ambalo lilizunguka Igogo yote kabla ya jua kuzama, mpaka kwa wauza dagaa.

"Basi aonje mama yako kwanza."

Wazee wakainuka mmoja mmoja, wakavuta kanga na makoti, wakaondoka. Longino alinipiga bega akipita. Gladness alibaki peke yake mbele ya mabenchi matupu, akamuaga bibi kwa heshima ile ile aliyoingia nayo, akaenda.

Nilidhani bibi angenisifu. Alikusanya vikombe, akanipa mgongo.

"Umefurahi, mume wangu?" akauliza. Huniita hivyo akiwa na furaha, na pia akiwa na hasira, na sikuweza kujua ilikuwa ipi.

Nikajibu kwamba tumemkamata.

Akasema hakuna aliyekamatwa. Yule binti angeweza kudanganya. Misungwi ni mbali, hakuna ambaye angekwenda kuangalia mkono wa mama yake. Hakudanganya. Bibi akakaa kwenye benchi akavuta pumzi, na nikasikia ile filimbi nyembamba kifuani mwake, ambayo haikuondoka tangu hospitali.

"Mimi sikukataa kunywa," akasema. "Nilikataa kuonjewa vibaya. Yule nesi anakijua kitabu, lakini mama yake anamjua nesi. Mama hakatai mkono wa mwanawe bure. Kuna kitu alikiona. Nenda ukamuulize."

Hilo nililipenda. Nililala nikiwaza mama yule ameona nini. Pengine aliona kichupa kilichobadilishwa karatasi. Pengine alimsikia mwanawe akinong'ona na mtu kwenye simu. Pengine kuna mzee wa kijijini kwao aliyekwisha kuzikwa na habari zake zikafunikwa. Asubuhi nilikwenda zahanati nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamwambia Gladness kwamba bibi amenituma kwa mama yake, na kwamba akikataa kunipeleka nitajua la kufikiri.

Hakukataa. Alisema naye anataka kujua, kwa sababu mama yake alimkatalia bila kutoa sababu, na tangu siku hiyo wakizungumza wanazungumza habari za mvua.

Tulikwenda siku yake ya mapumziko. Nyumba yao iko nje ya mji wa Misungwi, nyuma ya uzio wa minyaa, na zizi ni kubwa kuliko nyumba. Mama yake, Getruda, alikuwa amesimama zizini akimkagua kwato mtamba mmoja. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na anatazama polepole. Gladness alimsalimu akimwita mayu, nami nikatoa shikamoo. Aliipokea, kisha akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Igogo, lakini asili yetu Bukoba. Akauliza kwetu tuna ng'ombe wangapi. Nikasema kwetu tuna migomba.

Akamgeukia mwanawe. "Umeniletea mtu wa migomba?"

Gladness aliruka kueleza, akajikwaa kwenye maneno, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama yake alivyozidi kunishuku. Ikanibidi niseme mwenyewe kilichonileta. Nikasema wazee wa Igogo wameambiwa kwamba yeye alikataa sindano ya mwanawe, na bibi yangu anataka kujua alichokiona. Nikasema sitaondoka bila jibu. Nilitunisha kifua wakati nasema, nikidhani ananiogopa.

Getruda aliegemea mti wa lango la zizi. Alimtazama mwanawe kwa muda, kama anayepima iwapo amekua.

"Mwaka huu bwana mifugo alikuja hapa kuchanja," akaanza. "Homa ya mapafu ya ng'ombe. Alichanja mitamba, akachanja madume, akachanja ndama wakubwa. Yule pale," akaonyesha ng'ombe mweusi mwenye pembe zilizopinda, "alitaka kumchanja, nikamwambia mruke, ni mzee. Mimi mwenyewe nilisema. Mwaka juzi nilikuwa na mzee mwingine, huyo nilimchanja. Unajua kwa nini? Nilikuwa nampeleka mnadani. Bila chanjo hupati kibali cha kumsafirisha."

Mimi sikuwa nimeelewa.

"Sasa mwanangu akaja na boksi lake," akaendelea. "Akawaruka vijana wote wa nyumba hii. Akawaruka kaka zake. Akaja kwangu. Nikajiuliza, mimi nina safari ya kwenda wapi?"

Kilichofuata ni kwamba nilitaka kucheka na nikashindwa. Nilikuwa nimekuja na vichupa vilivyobadilishwa na makaburi yaliyofunikwa. Mama huyu ushahidi wake ulikuwa ng'ombe mmoja tu, lakini ng'ombe wake alikuwepo, mweusi, anacheua mbele yetu. Mimi nilikuwa nimepiga kelele mbele ya jumuiya nzima na sikuwa hata na huyo.

Gladness alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Mayu, mbona hukuniambia?"

"Ungecheka. Umesoma."

Gladness hakucheka. Aliingia zizini na viatu vyake vyeupe vya kazi, akasimama upande wa pili wa lango. "Ng'ombe mzee unamruka kwa sababu huna mpango naye tena," akasema. "Mimi nimewaruka wengine kwa sababu wao mafua yatawalaza tu. Wewe yanaweza kukuchukua. Kwako nina mpango."

"Mpango gani?"

"Uwepo."

Getruda aliinama akachuna kupe kwenye sikio la mtamba, akamponda chini ya kidole gumba. Hakusema kama amekubali. Alipoinuka alinigeukia mimi. Neno lile lilikuwa limeshafika hata kwake, akataka kujua ni nani huko Igogo aliyesema yeye afe kwanza ili wengine waone.

Ningeweza kumsingizia Longino. Nilimwambia ni mimi.

"Basi nitakuja kumwona aliyekulea," akasema.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, amevaa vitenge vipya, na kibuyu cha mtindi mkononi. Gladness alimfuata nyuma na boksi la chanjo begani. Igogo habari hazihitaji redio. Longino alikuwa ameshafika na wazee wengine, na walikaa mabenchi yale yale, ila safari hii waliyasogeza nyuma kidogo, kama watu wanaongoja kuona moto utaelekea wapi.

Bibi alimpokea Getruda kwa shikamoo za umri, wakahesabiana mpaka ikajulikana bibi ni mkubwa. Akatoa kahawa, akatafuna ya kwake kwanza. Getruda akatafuna, akakunja uso, akasema sasa ameelewa kwa nini Wahaya hawalali, wanakesha wakihesabu mambo ya watu. Bibi akasema ni bora asiyelala kuliko anayelala zizini. Walipokwisha kupimana hivyo, Getruda akatoa kibuyu chake. Bibi akakitazama tu, hakukigusa. Getruda akaelewa. Akakiinua, akanywa, akaendelea kunywa, koo lake likipanda na kushuka mbele yetu.

"Nilitaka uonje," bibi akasema. "Hukuambiwa ukimalize."

Hapo kicheko kilitoka, hata kwa wale wa nyuma. Bibi akanywa. Nilipumua kidogo. Lakini Gladness alipofungua boksi lake, kicheko kile kilikufa kama taa iliyokatiwa umeme.

Getruda alisema kwa sauti ya kusikika kote kwamba amechanja ng'ombe maisha yake yote na anajua sindano. Kuna mwaka bwana mifugo alimchoma fahali wake kwenye mkia, mkia ukavimba, ukaoza, ukakatika. Fahali akaishi miaka mingine mingi bila mkia, lakini alikuwa akisumbuliwa na nzi mpaka akawa mkali.

Longino akauliza kwa wasiwasi kama hii nayo inachomwa nyuma.

"Mkononi, mzee," Gladness akajibu.

Bibi akamtazama Getruda. "Bahati yako huna mkia."

Bibi alitaka kuona kichupa. Gladness akakipandisha usawa wa macho yake, akamsomea tarehe ya kuisha, akamwonyesha kwamba kifuniko hakijaguswa. Bibi akasema kitumike hicho kimoja kwa wote wawili, kibuyu kimoja. Gladness akasema ndivyo alivyokusudia. Akavuta dawa kwenye sindano mbili mpya, zikalala kwenye kisahani cha bati zikiwa zimefunikwa ncha, sawa kwa sawa. Nilizitazama mpaka macho yakaniuma. Sikuona tofauti, na kutokuona tofauti ndiko kulikonitia shaka zaidi.

Getruda akauliza ipi ni yake. Gladness akaonyesha ya kulia.

"Kwa nini hiyo?" bibi akauliza.

"Zote sawa, bibi. Nimeonyesha tu."

"Mwanao amekuchagulia," bibi akamwambia Getruda. "Haya. Kama zote sawa, mimi nipe hiyo yake."

Getruda akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha mtu aliyekutana na mwenzake. Akasema vizuri, basi naye apewe ya Mhaya, maana hata yeye alikuwa anajiuliza ile ya kushoto imekosa nini.

Gladness akageuza kisahani. Ya kulia ikawa mbele ya bibi, ya kushoto mbele ya mama yake. Nilimwangalia mikono kama polisi. Haikutetemeka, wala uso wake haukubadilika, na mtu mwenye hila ukimvuruga hila yake lazima kitu kimponyoke mahali fulani. Nilingoja kimponyoke. Hakikumponyoka.

Getruda alichomwa kwanza. Ndiye mwonjaji. Alitazama mbele, upande wa ziwa, na sindano ilipoingia alisema neno moja la Kisukuma ambalo Gladness hakulitafsiri. Mabenchi yote yaliinama mbele. Tukamtazama. Naye akatutazama. Akauliza kama tunangoja aote pembe.

Ikawa zamu ya bibi. Nilikuwa nyuma ya kiti chake, mkono wangu umeshika bega lake, na nikagundua kwamba nimelishika kwa nguvu kiasi kwamba Gladness asingeweza kupandisha mkono wa gauni. Aliniomba nisogee. Sikusogea. Nikainama sikioni mwa bibi nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba bado anaweza kukataa, hakuna atakayemcheka, mimi nitasimama mbele yao wote. Kisha nikaisikia ile filimbi ndani ya kifua chake, na maneno ya daktari yakanijia mdomoni. Nikaanza kumwambia kwamba pale hospitali, siku ile ya kuruhusiwa, kuna kitu daktari alisema.

"Nilimsikia," bibi akasema. "Nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimekufa. Unadhani kwa nini nilikutuma Misungwi?"

Nikatoa mkono wangu begani mwake.

Alichomwa. Alifumba jicho moja, akalifumbua. Akauliza ndiyo hiyo tu? Gladness akasema ndiyo hiyo tu, akambandikia pamba, akawaomba wote wawili wakae kivulini kwa muda awaangalie. Walikaa kwenye benchi moja, bega kwa bega upande ambao haukuchomwa, na kila mmoja alimwangalia mwenzake kuliko Gladness alivyowaangalia wote.

Wazee wengine walialikwa waje mbele. Hakuna aliyekuja. Longino alisema chakula hakisifiwi kikiwa mdomoni, tungoje kishuke. Wakaaga.

Bibi alimkatalia Getruda kuondoka siku ile. Kwa maneno yake, anayeonja halali mbali na aliyemwonjea. Sikujua kama ni ukarimu au ni kumshikilia. Kulipokucha niliwakuta uani. Getruda alikuwa hawezi kuinua mkono kufunga kilemba. Bibi alikuwa na joto kidogo mwilini na viungo vinamuuma. Kila mmoja alipoeleza maumivu yake, mwenzake alitulia usoni, akaeleza na ya kwake, na naapa sijawahi kuona watu wawili wakifurahi hivyo kwa kuumwa pamoja. Walichokuwa wanakiogopa si homa. Walikuwa wanaogopa kuamka mmoja mzima na mwingine mgonjwa.

Longino alifika mapema, akisema anaazima jembe. Jumapili, na kanisani hajaenda, anaazima jembe. Alimtazama bibi kuanzia miguuni, akamtazama Getruda, akauliza wamelalaje. Nilipomletea jembe alikuwa ameshalisahau, anauliza mkono unauma upande gani.

Baada ya wiki hiyo wazee kadhaa walikwenda zahanati, mmoja mmoja, kwa njia za nyuma, kila mmoja akitumaini hatakutana na mwenzake huko. Longino alikuwa mmojawapo, ingawa ukimuuliza atakwambia alifuata vidonge vya presha. Wengine hawakwenda, na mpaka leo wanasema wanangoja mwaka uishe waone. Mama wa benchi la nyuma ameongeza habari yake. Sasa anasema waliochomwa hawaamki baada ya miaka miwili.

Mimi nilingoja Julai.

Ilikuja na upepo wake na vumbi la kujaza macho, na Igogo yote ikakohoa. Bibi alirudi kutoka misani anapiga chafya. Siku ya pili alilala mchana, jambo ambalo halifanyi. Niliacha kazi ya geti la mtu nusu nusu, nikaweka viatu vyangu vya kutembelea karibu na mlango, nikakaa kwenye kigoda nje ya chumba chake nikihesabu pumzi zake kwa masikio. Gladness alipita kumwona, akampima, akaniambia ikiwa atahema kwa shida au midomo ikabadilika rangi nisingoje. Nikamuuliza chanjo yake iko wapi sasa. Akanijibu kwamba alisema tangu mwanzo kuwa haizuii kila mafua, na akaondoka bila kuniaga. Nilimshuku tena upya siku ile, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilihitaji mtu wa kumshuku.

Bibi alikohoa. Akanywa supu, akalalamika chumvi. Akakohoa tena. Lakini mafua hayakumshuka kifuani. Wiki ilipogeuka aliamka kabla yangu, nikasikia ufagio uani, na kabla sijamwuliza hali yake alikuwa ameshaanza kugombana na kuku. Kama ni sindano iliyomsaidia, au ni mapafu yake ya ukaidi, mimi siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba viatu vyangu nilivirudisha chini ya kitanda.

Siku hiyo hiyo akanitaka nimpigie Getruda simu. Nikabonyeza namba, nikamwekea sauti kubwa. Waliulizana habari za mvua, za ng'ombe, za Gladness. Kisha bibi akauliza, kama jambo la kupita tu, kama huko Misungwi nao upepo umewaletea mafua.

Getruda akasema umewaletea, wanawe wote wamelala. Ila yeye hata chafya moja hajapiga.

Bibi akamtakia siku njema. Akanirudishia simu, akashika ufagio, akafagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiliwa.

"Nilijua," akasema. "Yule mwanamke alicheka haraka mno. Alikubali kubadilisha bila hata kuombwa mara mbili, na mimi mjinga nikaona nimemweza, kumbe ile ya kushoto, iliyokuwa yangu mwanzoni, ndiyo iliyokuwa nzuri na yeye aliiona tangu kwenye kisahani, mtu aliyezoea kuchagua ng'ombe mnadani utamficha nini?" Alisema yote hayo kwa pumzi moja, akiwa amesimama. "Mwakani mwambie nesi sibadilishani na mtu. Kila mmoja achomwe yake."